Nanaa Puani: Mgeni, Fundi na Gharama ya Uzuri katika Mji wa Fes

Makala hii inakusudia kulijadili swali ambalo uhakiki wetu hulikwepa kila unapozungumzia ujumi, nalo ni hili: je, ni haki mtu kutaka kazi ya mwenzake ibaki kama ilivyokuwa tangu kale kwa sababu tu yeye, mtazamaji, huiona kuwa nzuri? Swali lenyewe si jipya. Nimelazimika kulirudia baada ya kuuzuru mji wa Fes, nchini Moroko, mwaka 2018, na hasa kwa sababu ya nusu saa niliyoipitisha juu ya roshani ya duka moja la bidhaa za ngozi, mkononi nikiwa na kishada cha nanaa nilichopewa mlangoni.

Chini ya roshani hiyo pana Chouara, mahali pakubwa kuliko pote pa kutengenezea ngozi katika mji mkongwe. Ni uwanja wa mashimo yaliyojengewa na kupangwa safu kwa safu kama mashimo ya ubao wa bao. Mengine yamejaa maji meupe ya chokaa na kinyesi cha njiwa, ambamo ngozi mbichi za mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia hulowekwa ili manyoya yang'oke na ngozi yenyewe ilainike. Mengine yana rangi: nyekundu, manjano, hudhurungi. Wanaume husimama ndani yake, maji yakiwafika mapajani, wakizikanyaga ngozi, wakizigeuza na kuzikamua. Harufu ya mahali hapo haisimuliki. Ndiyo maana mgeni hupewa nanaa, aisogeze puani, apate kutazama bila kuudhika. Wanaofanya kazi kule chini hawana nanaa.

Nakiri jambo moja ambalo ndilo chanzo cha makala hii. Mmoja wa wanaume wale alikuwa amevaa mabuti ya mpira yanayopanda hadi kiunoni, nami nilipokuwa natafuta pembe nzuri ya kupiga picha, niliyachukia mabuti yale. Niliona yanaiharibu karne ya kumi na nne. Dakika chache zilipita kabla sijaelewa nilichokuwa nimekitamani: kwamba mtu yule aingie katika maji ya chokaa kwa miguu mitupu ili picha yangu iwe kamili.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alidai kwamba hukumu ya uzuri haina budi kuwa huru na maslahi. Anayekiona kitu kuwa kizuri, kwa mujibu wake, hakitaki kwa ajili ya haja yake. Wanafunzi wetu huikariri kauli hii wakaitumia katika kuhakiki mashairi, na huenda katika mashairi haina madhara makubwa. Hata hivyo, juu ya roshani ile niliona jinsi uhuru huo unavyopatikana. Hautoki katika utakatifu wa nafsi ya mtazamaji. Hutengenezwa kwa vitu: roshani iliyoinuliwa, ngazi inayopitia dukani, kishada cha majani ya kuizuia harufu. Ondoa nanaa, na mtazamaji atakuwa na maslahi mara moja, atataka kuondoka.

Kabla ya kuendelea, inafaa isemwe kwamba Fes si makumbusho, na anayeuona kama makumbusho hajatembea ndani yake. Mji ulianzishwa na Idris wa Kwanza mwaka 789, na mwanawe Idris wa Pili akauanzisha wa pili ng'ambo ya mto mwaka 809. Baada ya mwaka 818 wakaja wakimbizi kutoka Cordoba, na wengine wakatoka Qayrawan, ndipo kila ukingo ukapata jina la wageni wake. Msikiti wa Qarawiyyin, ambao kwa mapokeo ulijengwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, umekuwa mahali pa elimu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watawala wa Banu Marin waliujaza mji madrasa zenye mbao zilizochongwa na vigae vilivyokatwa kimoja kimoja kwa mkono. Mwaka 1981 mji mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini katika vichochoro vyake, ambamo gari haliwezi kupita, watu huoa, hugombana, hununua mitungi ya gesi ikabebwa kwa nyumbu. Mwenye nyumbu hupaza sauti, "Balak!", na mtu wa Lamu aliyezoea kusikia "Simila!" hujibanza ukutani bila kuhitaji mkalimani.

Kila kazi ina mahali pake. Katika uwanja wa Seffarine, ubavuni mwa maktaba ya Qarawiyyin, wafua shaba hugonga sufuria na birika kutwa kucha, na nilistaajabu kuona kwamba wasomi na nyundo wameishi ukuta kwa ukuta bila upande mmoja kumfukuza mwenzake. (Katika vyuo vyetu nyundo ingehamishwa katika kikao cha kwanza cha kamati.) Watia rangi wana mtaa wao, maseremala wana wao huko Nejjarine. Aliyeimudu kazi huitwa maalem. Neno hili ndilo mu'allim la Kiarabu, ambalo kwetu limekuwa mwalimu. Kiswahili kimelipeleka neno hilo darasani, lakini hakikuisahau maana ile nyingine: fundi na kufundisha vimetoka katika shina moja. Kwa hiyo lugha zote mbili zinakubaliana kwamba kujua kutenda na kujua kumpa mwingine utendaji huo ni jambo moja. Swali la iwapo kazi hiyo itaendelea, basi, ni swali kuhusu mwanafunzi: yuko wapi, na amekuja kwa hiari?

Watu wengi hudhani mji wa namna hii umehifadhika wenyewe, kwa baraka ya wakati. Si kweli. Mkataba wa Fes uliotiwa saini tarehe 30 Machi 1912 uliiweka sehemu kubwa ya Moroko chini ya Ufaransa, na mkuu wa kwanza wa utawala huo, Jenerali Lyautey, aliyeshika madaraka hadi mwaka 1925, akaamua kwamba miji ya kale isiguswe. Mbunifu wake Henri Prost alichora miji mipya ya Wazungu kando, yenye barabara pana, na kuacha nafasi tupu kati ya pande mbili. Lyautey alipenda kwa dhati sanaa za Moroko; sioni sababu ya kuutilia shaka upendo wake. Lakini sheria iliyoukataza mji wa kale kubadilika ndiyo iliyouelekeza ubadilikaji wote, pamoja na fedha zake, upande wa pili. Janet Abu-Lughod, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Rabat, aliuita utaratibu huo ubaguzi wa rangi wa mijini, na hoja yake haijapata jibu la kuridhisha. Uhuru ulipokuja mwaka 1956, familia nyingi zenye uwezo zilikuwa zimehamia mji mpya au Casablanca, na katika nyumba zao kubwa wakaingia watu kutoka mashambani, familia moja chumba kimoja. Ukongwe ambao mgeni huuajabia ulilindwa kwanza na mtawala aliyetaka kuutazama.

Je, fasihi imesema nini? Ahmed Sefrioui, aliyezaliwa Fes mwaka 1915, alichapisha mwaka 1954 riwaya ya La Boîte à merveilles, inayosimuliwa na mtu mzima anayeukumbuka utoto wake mjini humo akiwa na umri wa miaka sita. Ilitoka wakati taifa lilikuwa linapigania uhuru, nayo haina mapambano, wala Mfaransa hana nafasi ndani yake. Wahakiki waliifanyia ukali. Walisema imechora mila, bafu za umma, sherehe na makaburi ya mawalii ili kumfurahisha msomaji wa Paris. Yaani, kwa lugha ya makala hii, imempa msomaji nanaa. Shutuma hiyo ina ukweli nusu. Lakini wahakiki hao, kwa maoni yangu, waliruka tukio ambalo riwaya nzima imelizunguka. Baba wa mtoto ni mfumaji. Siku moja anazipoteza sokoni fedha zote za mtaji wake. Ufundi wake haujapotea, mikono yake ni ile ile, ila bila fedha za kununulia nyuzi fundi huyo si kitu mjini, na inambidi atoke nje ya Fes akavune mashamba ya watu kwa ujira hadi apate pa kuanzia upya. Mtoto na mama wanasubiri, na nyumba inaingia njaa na fedheha. Mahali hapa Sefrioui anafanya kile ambacho kadi za posta hazifanyi: anaonyesha kwamba nyuma ya kitambaa kizuri pana mfuko wa fedha, na mfuko ukianguka kitambaa nacho huanguka. Riwaya iliyodaiwa kuwa ya mapambo ina uhalisia wa kitabaka kuliko nyingi zilizojitangaza hivyo.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili tukiwa Fes, kwa kuwa ni katika mji huo ndipo tulipoandikwa. Ibn Battuta wa Tangier alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwa amri ya Sultani Abu Inan, alimsimulia safari zake mwandishi Ibn Juzayy, naye akazitia katika kitabu kilichokamilika Fes mwaka 1355, wakati ule ule sultani huyo alipokuwa akiijenga madrasa yake ya Bou Inania ambayo hadi sasa ni fahari ya mji. Mombasa, mgeni huyo alilala usiku mmoja tu. Aliona ndizi, samaki, misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na watu wanaoosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Kilwa aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akasema umejengwa kwa mbao. Lakini wakati huo Kilwa ulikuwa na msikiti mkuu wa mawe, na kasri la Husuni Kubwa, ambalo wanaakiolojia wamelihusisha na Sultani al-Hassan bin Sulaiman aliyempokea yeye mwenyewe, lilijengwa kwa mawe katika miaka hiyo hiyo. Hatuwezi kuamua kama ni kumbukumbu iliyomponyoka au kalamu za wanakili zilizokosea. Ninachotaka kukiona ni hiki: alisifu kwa moyo mweupe, na sifa hiyo haikumzuia asitaje jiwe. Mabaharia na waashi wa Kilwa hawakuwako Fes kitabu kiliposomwa, wapate kusema, "Bwana, umetusahau." Mimi juu ya roshani, mjukuu wa watu walioandikwa hivyo, nilikuwa nikilipiza kisasi bila kujua.

Iko njia ya kumtoa mtazamaji lawamani, na mtu aliyeifungua ni John Ruskin. Katika juzuu ya pili ya The Stones of Venice, ya mwaka 1853, alihoji kwamba ukali na kasoro za uchongaji wa Kigothi ni ushahidi wa fundi aliyeruhusiwa kufikiri, ilhali unyoofu kamili wa bidhaa za viwanda vya Uingereza ni ushahidi wa utumwa. Kwa hiyo tukiitazama kazi, tuulize iwapo aliyeitenda alikuwa huru. Naikubali hoja hii kuliko ile ya Kant, kwa sababu inamrudisha fundi ndani ya uzuri. Tatizo lake ni kwamba mafundi wa Ruskin walikuwa wamekufa karne nyingi. Aliusoma uhuru wao katika jiwe, na jiwe halina mdomo wa kumkanusha. Fes, fundi yupo. Haitoshi kuusoma uhuru wake katika mshono, inawezekana kumwuliza.

Nilimwuliza. Alikuwa mzee anayeshona balgha, vile viatu visivyo na kisigino, katika chumba ambacho sisi watatu, yeye, mimi na kijana aliyenifasiria, tulikijaza. Nilitaka kujua kama angependa wanawe waishike kazi yake. Alisema mmoja ni dereva wa teksi na mwingine yuko Casablanca. Hakulisema kwa huzuni niliyokuwa nimeiandalia kalamu. Kisha akaniuliza baba yangu alifanya kazi gani. Karani, nikasema. Na babu? Nikamwambia ukweli: babu mzaa baba alikuwa mshona makubadhi huko Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mzee akaweka msharasi chini. Akataka kujua, kwa adabu kabisa, kwa nini basi mimi siyashoni.

Siyu ulikuwa mji wa ngozi na wa vitabu. Humo zilitengenezwa makubadhi na mikanda iliyouzwa pwani nzima, na humo zilinakiliwa misahafu kwa hati na mapambo ambayo wataalamu huyatambua hata leo. Ngozi na kitabu vilikutana katika jalada, kama vilivyokutana Fes, ambako ngozi yake ilipata sifa kiasi cha Wafaransa kuiita kazi yote ya ngozi laini kwa jina lililotokana na la nchi hiyo. Baba yangu aliondoka Siyu akiwa kijana. Hakufukuzwa. Alisoma, akapata kazi ya kuandika, na jambo hilo lilisherehekewa nyumbani kwa pilau. Hakuna aliyesimama juu ya roshani kumlilia.

Hapa ndipo methali yetu, mwacha mila ni mtumwa, inaponitatiza. Imetumiwa katika mitihani na hotuba mpaka ikawa kama sheria. Inamhukumu anayeacha, haimwulizi chochote asiyeweza kuacha. Kijana anayeshuka katika shimo la chokaa kwa sababu baba yake alishuka, na kwa kuwa hakuna mlango mwingine uliofunguliwa, hajaacha mila hata kidogo. Je, huyo ndiye muungwana? Na yule aliyesoma, akaona mengine, kisha akarudi kushona kwa kupenda, tumwite nani? Naona kwamba kipimo tunachokitafuta kiko baina ya watu hawa wawili. Kazi ya kale inaweza kupendwa bila hatia pale tu ambapo anayeitenda anaweza kuikataa, au kuibadilisha, asife njaa. Umri wake hautoshi, wala kufanana kwake na picha ya zamani. Mabuti ya mpira, kwa kipimo hiki, hayakuwa doa katika mandhari. Yalikuwa dalili pekee niliyoiona siku ile kwamba kuna mtu kule chini aliyeamua jambo kuhusu mwili wake.

Nitajibiwa kwamba kwa njia hii kila ufundi utakufa, maana nani atachagua taabu? Sidhani. Wafinyanzi wa Fes, waliokuwa karibu na Bab Ftouh, walihamishiwa Ain Nokbi nje ya mji kwa sababu ya moshi wa tanuri zao, na baadhi wakaanza kutumia gesi. Wapenzi wa ukale walisikitika. Lakini vigae bado vinakatwa kwa patasi, kipande kwa kipande, na vijana bado wanajifunza. Aidha, kuna ufundi uliokufa kweli bila kuuawa na uhuru wa mtu yeyote. Mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, kilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kilichobaki ni mifano katika makumbusho. Kutoweka huko ni hasara ya maarifa, nami sitaki kuipuuza kwa kujifanya mwanamapinduzi. Anayesema "uache ufe" naye yuko juu ya roshani. Tofauti ni kwamba ameangalia upande mwingine. Linaloweza kudaiwa kwetu sisi tunaosifu ni dogo na gumu: tulipe bei ambayo fundi anaitaja badala ya kuona fahari ya kuikata nusu, na tuandike kazi yake pamoja na mabuti yake. Kuhusu bei, lazima niseme kwamba niliyoilipa dukani ilikuwa ya mwenye roshani. Sikupata kujua ni kiasi gani kilichoshuka hadi mashimoni.

Sikumjibu mzee wa balgha kwa ukamilifu. Nilisema kitu kuhusu masomo, kijana akakifasiri, mzee akatikisa kichwa na kuokota msharasi wake. Lakini swali lake lilinikumbusha jambo la miaka mingi nyuma. Watu fulani wanaokusanya vitu vya kale walikwenda kwa shangazi yangu kuomba vifaa vya babu, wapate kuviweka katika kabati la kioo na jina lake chini. Aliwapa kigogo cha kukatia na msharasi mmoja. Kisu alikataa kutoa. Alisema ana kazi nacho. Anachania miyaa ya mikeka yake, na hakuna kingine nyumbani chenye makali kama hayo. Nilipopata habari nilimwandikia barua ndefu, kurasa nne, nikimweleza maana ya urithi na wajibu wa kuuhifadhi. Hakuijibu.